Njia za Maji za Mzee Simwinga

Fanuel Simwinga alitoka nyumbani kwake Mpemba kwenda kufungua maji, ingawa kazi hiyo alikuwa ameiacha miaka saba nyuma. Alivaa koti lake la kazi la bluu lililopauka mabegani, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni kwa sababu upepo wa Agosti ulikuwa mkali, akasukuma geti taratibu asimwamshe mkewe. Nje, vumbi la barabara kuu lilikuwa limetanda kama ukungu, na malori yaliyongoja zamu ya kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yamejipanga kimya, moja nyuma ya jingine, kama ng'ombe waliolala. Fanuel hakuyaona. Aliiona barabara ya zamani, nyembamba, yenye mikaratusi upande mmoja, na mwenzake Efraimu akimngoja mbele, amebeba begani kile chuma kirefu cha kufungulia valvu. Efraimu alikuwa amekufa. Alizikwa Mbozi Mission, na Fanuel mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotupa udongo kaburini.

Tabita, mkewe, alipoamka alikuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Hakupiga kelele. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amejifunza kumtafuta mumewe kimyakimya, akijifanya anakwenda dukani kununua chumvi, kikapu kitupu mkononi, akiwasalimu watu huku macho yake yakipita juu ya mabega yao. Majirani walikuwa wameambiwa mzee ana presha. Kanisani waliambiwa miguu inamsumbua, ndiyo maana hapitishi tena mfuko wa sadaka. Ukweli ni kwamba Jumapili moja aliupitisha mfuko ule safu kwa safu mpaka mlangoni, akatoka nao nje, akaenda zake barabarani kama mtu aliyetumwa. Waliomrudisha walikuwa wapole sana, na upole wao ulimuuma Tabita kuliko ambavyo kicheko kingemuuma.

Alimwambia binti yao, Irene, ambaye alikuwa anafunga kamba za buti, amwangalie baba yake njiani. Irene alisema atamwangalia. Aliangalia kweli, kushoto na kulia, lakini kwa haraka, kwa sababu saa moja kamili alitakiwa awe kazini na siku hiyo ndiyo kijiko, mtambo wa kuchimbia mitaro, kingeletwa.

Irene alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi ujenzi, chuo cha Mbeya, na alikuwa amerudi nyumbani kwa wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Mkandarasi aliyempokea yeye na wenzake watatu alikuwa amepewa kazi ya kuchimba mitaro mipya ya maji ya mvua na kubadilisha mabomba yaliyochoka. Siku ya kwanza Injinia Yonathani, aliyekuwa msimamizi wao, aliwaambia kwamba chuoni hufundishwa kujenga mji kwenye karatasi nyeupe, lakini mji wenyewe ni karatasi iliyokwisha kuandikwa, tena na watu ambao wengine hawapo, na kazi yao ni kujifunza kusoma mwandiko huo kabla ya kuandika juu yake. Irene aliyapenda maneno yale akayanakili. Kisha akapewa mchoro mmoja wa mabomba, mkubwa kuliko yeye kwa umri, umeliwa na panya pembeni, akaambiwa auingize kwenye kompyuta na kuuhamishia ardhini kwa chokaa.

Baba yake alikuwa amefungua na kufunga mabomba ya mji ule kwa miaka thelathini na moja. Irene hakumwambia mtu.


Saa nne asubuhi kijiko kilikuwa kimeshawashwa. Kilisimama upande wa mashariki wa barabara ya kanisani, kwenye mstari wa chokaa ambao Irene mwenyewe alikuwa ameumwaga. Kwa mujibu wa mchoro, bomba kubwa lilipita upande wa magharibi, mbele ya maduka, kwa hiyo mashariki palikuwa salama.

Fanuel alitokea kwenye vumbi akitembea polepole, akikanyaga kwa kisigino kama mtu anayegonga mlango. Alipofika kwenye chokaa alisimama. Aliinamisha kichwa. Alisikia maji yakipita chini, kama siku zote, mazito na tulivu, na moyo wake ukatulia pia.

"Hapa msichimbe," alisema. "Bomba la inchi sita liko chini."

Fomeni Shadrack, aliyekuwa akiongoza vibarua, alimwambia kwa adabu kwamba bomba liko ng'ambo, mchoro unaonyesha.

"Tulilihamisha," alisema Fanuel. "Mwaka ule walipopanua barabara. Mimi na Efraimu. Muulize, si yule pale."

Alinyoosha mkono. Watu wote waligeuka, na hapakuwa na mtu, palikuwa na kibanda cha wakala wa simu kilichofungwa na mbuzi mmoja akikwaruza ubavu wake ukutani. Kibarua mmoja akacheka, wengine wakafuata. Shadrack hakuwa mtu mbaya. Kijiko kile kilikuwa cha kukodi, kikilipiwa kwa saa, na dereva alikuwa akimtazama. Alimshika mzee mkono, akampangusa vumbi begani, akauliza kwa sauti nani anamfahamu amrudishe kwao.

Irene alikuwa hatua tano kutoka pale. Alikuwa amevaa helmeti nyeupe na kizibao cha riflekta cha rangi ya chungwa, na kifuani ameshikilia ubao wenye karatasi zake. Wenzake watatu walikuwa kando yake. Alifungua mdomo, akahisi jinsi vumbi lilivyoingia, akaufunga.

Fanuel aligeuza kichwa. Alimtazama yule kijana wa kike mwenye kofia ngumu, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyeheshimu kazi na wakubwa wa kazi maisha yake yote, alivua kofia yake ya kitambaa, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama injinia," alisema.

Upepo ulipita katikati yao. Irene aliona nywele za baba yake zilivyobaki chache, na kovu dogo juu ya sikio ambalo alikuwa akiligusa kwa kidole alipobebwa mgongoni utotoni.

"Marahaba," akaitika.

Ni Marita, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyeacha jiko lake la kuchoma mahindi kando ya barabara na kuja kumshika mzee mkono. Alisema tu, "Twende nyumbani, Baba Irene," na alipopita alimtazama Irene mara moja, si kwa muda mrefu.

Kijiko kilishuka. Mara ya kwanza kilitoa udongo mwekundu, mara ya pili mawe. Mara ya tatu dereva alisikia chuma kimegusa kitu akavuta nyuma, na ardhi ikawa kama imevuta pumzi. Maji yalitoka. Yalianza mekundu, mazito, kisha yakasafika, yakapanda juu kupita paa la kanisa, yakasimama pale hewani kama mti mweupe uliochanua wakati wa kiangazi. Kwa dakika nzima hakuna aliyefanya kitu. Madereva walishuka kwenye malori wakaja kunawa nyuso. Mama mmoja alisimama chini ya mvua ile na mtoto mgongoni, amefumba macho. Katika mji ambao dumu la maji hubebwa kwa mkokoteni kutoka mbali, ilikuwa ni kama kitu walichokuwa wamekiota wote kimekuja mchana.

Kisha yakaanza kuingia madukani. Injinia Yonathani alifika anakimbia, akataka valvu ifungwe. Walikwenda mahali mchoro ulipoonyesha, wakachimba, wakakuta udongo. Walikwenda pengine. Maji yalitiririka kwa saa nne, yakashusha ukuta wa choo cha mtu, yakalowanisha magunia ya mahindi kwenye ghala la kukodi, mpaka tangi la mlimani likaishiwa lenyewe na mti ule ukashuka, ukawa kisima cha tope. Jioni mitaa minne haikuwa na maji.


Irene alirudi nyumbani akiwa na tope magotini. Nje ya geti watu walikuwa wakipita na madumu matupu. Tabita alikuwa jikoni anachambua maharage, na hakuinua uso.

"Marita kaniambia baba yako alikuamkia," alisema. "Na wewe ukaitikia."

Irene alikaa kwenye kigoda. Alitaka kueleza habari za wenzake, za barua ya tathmini ambayo ingetumwa chuoni, za jinsi jambo lilivyopita haraka. Yote yalikuwa kweli, lakini alipoyapanga mdomoni hayakuwa na uzito. Alianza kulia bila sauti.

Tabita aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. Alisema kwamba hana mdomo wa kumsema mtu. Yeye mwenyewe amedanganya mtaa mzima kwamba ni presha. Ameliongopea hata kanisa. Alikuwa akijiambia kwamba anamsitiri mumewe, lakini siku nyingine, akiwa anazunguka na kile kikapu chake kisicho na kitu ndani, hujua kwamba anajisitiri yeye.

"Nenda kaongee naye," akasema. "Jioni hii ametulia."

Fanuel alikuwa sebuleni, mikono juu ya magoti. Irene aliutandaza ule mchoro mezani, akamwonyesha barabara, kanisa, reli. Alimuuliza valvu ya kufungia maji ya mtaa wa kanisani iko wapi. Fanuel aliitazama karatasi kwa makini. Aliilainisha mikunjo kwa kiganja, kama mtu anayetandika kitambaa, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake.

Irene aliuliza tena, kwa upole. Akauliza mara ya tatu. Fanuel aliona jinsi binti yule anavyotaka jibu, na alijua kwamba jibu alikuwa nalo, kwamba liko karibu sana, chumba cha pili labda, lakini kila alipoinuka kulifuata alisahau kwa nini ameinuka. Alisema amechoka. Alikwenda kulala jua likiwa bado dirishani, na koti lake la kazi mwilini.


Kesho yake Irene alifika ofisi ya muda ya mkandarasi, kontena la bati, kabla ya wenzake. Injinia Yonathani alikuwa ndani, hajanyoa, amezungukwa na simu za watu wanaodai maji. Irene alisimama, hakukaa.

"Yule mzee wa jana ni baba yangu," alisema. "Alikuwa fundi wa maji hapa miaka thelathini na moja. Alisema kweli, na mimi nilinyamaza."

Irene alingoja aambiwe akabidhi helmeti. Lakini injinia alisema kwamba kosa la kwanza ni lake. Mchoro wa zamani hauaminiwi mpaka uchimbe mashimo madogo kwa mkono na kuliona bomba kwa macho, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, naye aliruka hatua hiyo kwa sababu ya haraka. Alisema ataliandika hivyo kwenye ripoti. Kisha akauliza kama mzee anaweza kuja.

Irene alieleza habari ya mchoro na kikombe cha chai. Alisema mezani baba yake hajui kitu.

"Na akitembea?" akauliza Yonathani.

Irene hakuwa amelifikiria hilo.

Walianza kutembea siku iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu. Fanuel alitangulia katika koti lake la bluu. Irene alifuata na daftari na mfuko wa vigingi. Nyuma yao alitembea Tabita, bila kikapu, akipita katikati ya barabara. Watu walipomuuliza wanakwenda wapi asubuhi yote ile, aliwaambia: mzee amepatwa na ugonjwa wa kusahau, lakini anakwenda kuwaonyesha maji yanakopita. Alilisema mara ya kwanza kwa shida. Kufikia nyumba ya kumi lilikuwa linatoka kama salamu nyingine yoyote.

Fanuel hakuonekana kama mtu anayefanya kazi. Alitembea akiongea na Efraimu kwa Kinamwanga, akicheka kidogo, akipita kwenye uchochoro ambao sasa ulikuwa ua wa mtu, akingoja mlango ufunguliwe bila kushangaa kwa nini pana mlango. Mji wake ulikuwa na nyumba chache kuliko huu, na miti mingi, na jua lake lilikuwa la asubuhi daima. Mahali fulani kisigino chake kilisita. Alirudi nyuma hatua mbili, akagonga chini mara tatu, akasimama.

Irene akapigilia kigingi. Wanafunzi wakachimba kwa sururu na koleo, taratibu. Nusu mita chini palikuwa na mfuniko wa zege, na chini ya mfuniko, ndani ya giza lenye harufu ya chuma na mizizi, valvu. Fomeni Shadrack alishuka shimoni mwenyewe, akaisafisha kwa mikono mitupu. Alipopanda alimwendea mzee, akamwomba msamaha kwa siku ile. Fanuel alimpa mkono kwa furaha, akamuuliza habari za shamba na kama mahindi yameshapukuchuliwa.

Valvu ikafungwa, bomba likaungwa, na jioni hiyo maji yalirudi katika mitaa miwili kati ya minne, na kufikia Ijumaa yote minne ilikuwa nayo.

Waliendelea kwa siku kumi. Yalikuwa maeneo kumi na saba ambapo Fanuel alisimama. Kumi na tatu yalikuwa na kitu chini: valvu, maungio, bomba la chuma lililochakaa kama gome la mti. Manne hayakuwa na chochote. Irene aliyaandika hata hayo manne, kwa sababu Yonathani alimfundisha kutenganisha kwenye daftari kilichoonwa kwa macho na kilichosemwa, na kutoona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. Kwenye ukurasa wa chanzo cha taarifa aliandika jina lote: Fanuel Simwinga, fundi bomba mstaafu, baba wa mwandishi.

Kila asubuhi Irene aliwahi kuamka ili awe wa kwanza kusalimia. Alimkuta baba yake akifunga vifungo, akapiga goti. Siku nyingine Fanuel aliitika, "Marahaba, mwanangu," kwa ile sauti yake ya zamani. Siku nyingine aliitika kama mtu anayemwitikia mgeni mwenye adabu. Irene alizipokea zote mbili.


Siku ya mwisho Fanuel hakugeuka pale mji ulipoishia. Alipita kinu cha kusaga, akapita uwanja wa mpira, akapanda mteremko mrefu wenye majani makavu kuelekea nyumba mpya za matofali ya kuchoma ambazo watu walianza kuhamia miaka ya karibuni. Huko hakukuwa na bomba. Irene alijua, mchoro ulijua, na wanawake waliokuwa wakishuka na ndoo tupu kichwani walijua kuliko wote.

Katikati ya majani alisimama. Akagonga kisigino mara tatu.

Wanafunzi walichimba. Udongo ulikuwa mgumu, haujawahi kuguswa na koleo, na mizizi ya majani ilikuwa imeshikana kama mkeka. Walipofika mita moja Irene aliwaambia waache. Alimsogelea baba yake.

"Baba, hapa hakuna bomba."

Fanuel alimtazama kwa uvumilivu.

"Halijaletwa," alisema. "Tuliambiwa tungoje mabomba yafike. Mimi na Efraimu tulishapima usawa kwa mpira wa maji. Maji yanashuka yenyewe kutoka tangini, hayahitaji mashine."

Kisha akakaa chini kwenye majani, akavua viatu, akanyoosha miguu juani.

Tabita alikaa kando yake. Irene alisimama akitazama mlima palipokuwa na tangi, kisha nyumba, kisha mlima tena. Kwa macho tu, pale walipokuwa palionekana pako juu zaidi. Aliwaomba wenzake walete kifaa cha kupimia mwinuko. Walikiweka juu ya miguu yake mitatu, mmoja akaenda na fimbo ya namba hatua kwa hatua, kituo kwa kituo, mpaka mlimani, na ilichukua asubuhi nzima. Upepo ulilaza majani na kuyainua. Fanuel alisinzia, akaamka, akasinzia. Irene alijumlisha, akatoa, akarudia tangu mwanzo kwa sababu hakuamini. Tangi lilikuwa juu zaidi kwa mita sita na nusu. Jicho lilidanganywa na mteremko. Watu wawili wenye mpira mwembamba uliojaa maji, miaka mingi kabla yeye hajajua kuhesabu, hawakudanganyika.

Alichukua penseli, akachora mstari wa vipande vipande kutoka tangini mpaka pale, namna wahandisi wanavyochora kitu ambacho hakijajengwa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda na ndoo iliyojaa alisimama kuwatazama. Aliituliza ndoo kwa mkono mmoja, akauliza wanapima nini.

"Maji, mama," alisema Irene. "Kwa sasa ni mstari tu kwenye karatasi. Siwezi kukuahidi. Lakini utakwenda kwenye ripoti, na injinia ataupeleka."

Mwanamke alifikiri. Alikuwa amesikia ahadi nyingi, na labda ndiyo maana hii isiyo ahadi ilimfanya asiondoke.

"Basi andika kwamba huku tuko nyumba kumi na nne," alisema.

Irene akaandika kumi na nne.

"Andika ishirini," alisema Fanuel kutoka chini, amefumba macho. "Watu wanaongezeka."

Irene alifuta kwa kidole, akapuliza vumbi la penseli, akaandika ishirini.